Shashi za Manjano za Masara

Masara, 15 Januari 1967

Kwa wifi yangu Awino,

Nakusalimu kutoka nyumbani kwa mdogo wako Elkanah. Mama yenu Zilpah anakusalimu pia. Anasema Sabato iliyopita aliimba kanisani na sauti ikatoka vizuri, kwa hiyo usimtumie tena ile dawa ya kifua. Mahindi yamekauka, tumeyaweka ghalani. Mbuzi mweupe amezaa mapacha.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kijaluo changu bado ni cha kununulia samaki, na Kikuria cha kwetu Ntimaru wewe hukijui. Tena nikiandika Kijaluo, mama ataomba asomewe kabla sijaifunga bahasha, na kuna jambo sitaki alisikie.

Jambo lenyewe ni mguu wa Elkanah. Unajua tangu kampuni ya dhahabu iondoke, watu wanachimba wenyewe katika mashimo ya zamani, bila kibali. Kabla ya Krismasi gogo linaloshikilia ukuta wa shimo lilimwangukia, likamchuna ngozi ya muundi kutoka goti mpaka karibu na kifundo. Mfupa haukuvunjika. Tulidhani ni kitu cha wiki moja. Namfunga kwa kipande cha shuka safi, lakini kila asubuhi nakuta kitambaa kimegandamana na kidonda, na nikikivuta kinaondoka na nyama iliyoota jana. Anauma mkono wa shati lake. Sasa kuna usaha, na harufu imeanza.

Nimemwambia aende kutibiwa. Anasema zahanati wanakuuliza umeumia wapi, na ukisema shimoni jina lako linafika kwa polisi. Anasema pia akilala hospitali siku mbili tu, mchimbaji mwenzake Ombui na watu wake watalichukua shimo lake. Amekataa mara tatu. Mara ya nne sikumwuliza, nimekuandikia wewe.

Una dawa gani huko inayoweza kusafiri?

Wifi yako,
Gesare


Homa Bay, 2 Februari 1967

Kwa Gesare,

Barua yako imekaa dukani kwa Bichage pale Migori zaidi ya wiki moja, kisha akaileta mwenyewe alipokuja kununua chumvi. Nimemrudisha na mzigo. Mwambie mama nimefurahi kwa sauti yake, na dawa ya kifua nitamtumia hata kama hataki.

Mdogo wangu ni mkaidi tangu alipokuwa akinyonya. Mwambie nimesema hivyo.

Ndani ya mzigo kuna bati bapa. Usilifungue mpaka umesoma yote haya. Ndani kuna vipande vya shashi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, tulivyotengeneza hapa hospitali. Tunakata shashi, tunaipanga batini, tunayeyusha vaselini na kuchanganya na unga wa dawa ya manjano, tunaimwagia, kisha tunapika bati zima kwa mvuke mpaka hakuna kijidudu kinachobaki hai. Kila uzi umevaa utando wa mafuta yenye dawa. Mafuta yanazuia kitambaa kisigande. Dawa iliyomo katika utando inazuia vijidudu visifanye makao hapo. Kwa hiyo hutang'oa tena nyama ya jana.

Chemsha maji na chumvi, yaache yapoe, osha kidonda. Nawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko. Shika shashi kwa pembe tu. Iweke, ongeza juu yake kitambaa kikavu kilichopigwa pasi, funga. Usifungue kila asubuhi kwa hamu ya kuangalia. Siku mbili au tatu zinatosha. Kila kitu kitakuwa cha manjano, pamoja na vidole vyako. Usiogope.

Sasa la muhimu. Shashi hii ni ya kidonda kilicho wazi, cha juujuu. Si ya tundu jembamba lililoingia ndani. Tundu la namna hiyo ukilifunika unawafungia wadudu nyumba. Na Elkanah lazima achomwe sindano ya pepopunda, hata kama kidonda kitapona. Ugonjwa huo unaanza na taya. Mtu anashindwa kufungua mdomo kula, halafu mgongo unajipinda kama upinde. Nimewaona. Sitaki kumwona ndugu yangu hivyo.

Niandikie amechomwa lini.

Awino


Masara, 20 Machi 1967

Kwa wifi yangu,

Tumepokea, tumesoma, tumefanya. Mama hajambo. Mvua bado, lakini upepo umegeuka. Pacha mmoja wa mbuzi alikufa, mwingine ana nguvu na ameanza kula kamba.

Wifi, ile shashi. Mara ya kwanza nilipoifungua Elkanah alishika kitanda kwa mikono miwili akingoja maumivu. Nikainua pembe, ikaja yenyewe, polepole, kama ngozi ya maziwa. Alinitazama akaniuliza, "Umeshaanza?" Nikamwambia, "Nimeshamaliza." Chini yake nyama ilikuwa nyekundu, safi, bila harufu.

Sasa kidonda kimebaki kama upana wa kiganja. Bati linakaribia kwisha. Tafadhali nitumie lingine, kubwa kidogo kama linapatikana. Bichage anakuja huko mwisho wa mwezi.

Gesare


Homa Bay, 11 Aprili 1967

Kwa Gesare,

Namshukuru Mungu kwa habari za mguu. Hapa ziwa limejaa magugu na samaki wamepanda bei. Nimeugua malaria nikapona.

Bati hili la pili ni kubwa. Lakini nilikuuliza jambo moja, wewe ukanijibu mbuzi. Elkanah amechomwa sindano lini?

Awino


Masara, 28 Mei 1967

Kwa wifi yangu,

Pole kwa malaria. Mvua imekuja kwa hasira, barabara ya Migori ilikatika, ndiyo maana nimechelewa. Tumepalilia mara moja. Mama alianguka kwenye matope lakini aliinuka akicheka.

Sindano amechomwa. Dresa mmoja mstaafu wa Suna, mfunga vidonda wa zahanati, alikuja sokoni nikamshika mkono mpaka akakubali kuja na dawa. Mdogo wako alizimia, mtu mzima, kwa sindano. Usimwambie nimekuambia.

Kidonda ni kigumu, hakitaki kuziba sehemu moja. Naomba bati lingine. Mawili kama yanapatikana.

Gesare


Homa Bay, 19 Juni 1967

Gesare,

Leo salamu zitakuwa fupi. Mimi mzima.

Bichage amenipitia. Nimempa chai, nikamwuliza habari za mguu wa Elkanah. Akaniuliza, "Mguu upi?" Anasema Elkanah alikimbia mbio za magunia shuleni mwanzoni mwa mwezi wa nne na akashinda. Anasema amemwona akibeba mawe mgongoni na suruali imekunjwa, na kwenye muundi kuna kovu tu, linang'aa.

Kwa hiyo kidonda kilipona kabla sijakutumia bati la pili, na wewe umeniomba la tatu na la nne. Mimi si mtoto. Shashi zangu zinavaliwa na nani? Kama unaziuza sokoni niambie, niache kupoteza usingizi kwa ajili yako.

Situmi kitu mpaka unijibu, na safari hii usinijibu mbuzi.

Awino


Masara, 9 Julai 1967

Kwa Awino,

Umeuliza, nitakujibu. Mama mzima. Shamba zima.

Siuzi. Nafunga watu.

Ilianza na Kezia, jirani yangu. Wanaume wakitoa mawe shimoni, sisi wanawake ndio tunaoyaponda kwa nyundo tukayafanya unga, kisha unaoshwa kutafuta dhahabu. Vipande vinaruka. Mikono ya wanawake wa hapa ungeiona ungelia. Kezia alikuwa amejiponda vidole viwili, ngozi imetoka yote, amevifunga kwa kipande cha mfuko wa unga wa ugali. Ana mtoto mchanga. Alikuwa anamnyonyesha huku amenyoosha mkono mbali, ili harufu isimfikie mtoto. Bati lilikuwa juu ya rafu yangu. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Baada ya Kezia akaja Nyanchama na goti. Baada ya Nyanchama sikuhesabu tena. Wanakuja jikoni kwangu jioni kabla ya kupika. Nachemsha maji, nanawa mpaka viwikoni, nashika kwa pembe. Matundu membamba sifuniki, nawaambia waende kuchomwa sindano, na wengi hawaendi. Wote wanaogopa kuulizwa wameumia wapi. Mimi siwaulizi. Najua wameumia wapi, maana hata mimi ninaponda pale.

Nilikudanganya kuhusu mguu kwa sababu niliona kwa ndugu yako ungetuma, na kwa Kezia usiyemjua ungesema sheria za hospitali. Labda nilikukosea kwa hilo. Kwa hili jingine sikuombi msamaha. Mama mkwe amesema jikoni si mahali pa usaha. Nimemjibu kwa heshima kwamba basi anionyeshe mahali. Elkanah amesema nitatuletea polisi. Nimemwambia waje, nitawafunga nao kama wana vidonda.

Ukiacha kutuma nitatumia shuka na mafuta ya kupikia. Lakini sitaacha.

Gesare


Homa Bay, 3 Agosti 1967

Kwa Gesare,

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Mara ya kwanza nilitaka kuichana.

Bichage anakuletea mabati mawili. Shashi zilizomo zimekatwa vibaya kidogo na vaselini ni ya dukani, lakini nimezipika kwa muda mrefu na ni salama. Usiulize sana.

Usitumie mafuta ya kupikia kamwe. Yanaoza, nawe utakuwa umewalisha vijidudu. Kila kipande ni cha mtu mmoja, na kikitoka kichomwe moto. Kama ngozi inayozunguka kidonda imekuwa nyekundu na ya moto, na mistari inapanda kuelekea kwapani au kinenani, shashi haitoshi tena, mtu huyo anahitaji dawa ya kuingia damuni. Shashi inalinda kidonda kisiingiliwe. Vita ikishaingia mwilini, kitambaa hakiwezi.

Na taya. Nasema tena, taya. Mtu akikuambia mdomo haufunguki vizuri, usimpe chai wala usingoje asubuhi. Mlete kwangu.

Kazi huku ni nyingi kama kawaida.

Awino


Masara, 24 Septemba 1967

Kwa wifi yangu Awino,

Nilipoachana nawe pale stendi nilikuwa na maneno mengi sikuyasema, kwa sababu ya watu na kwa sababu ya hasira. Sasa nimerudi, nimelala, nayaandika.

Kwanza nikueleze yaliyotokea huku kabla sijafika kwako, maana tulipoonana hatukuwa na nafasi.

Kerosi ni kijana mwajiriwa wa Ombui, anachimba shimo la chini kabisa. Alichomwa na ncha ya mtaimbo kwenye kisigino. Tundu lilikuwa dogo kama punje ya mtama, akaliziba kwa udongo akaendelea na kazi. Hakuja kwangu. Ombui amewakataza watu wake wasije, anasema jikoni kwangu kutawafikisha kortini. Siku ile Nyanchama alipita akaniambia, "Kerosi hali, anasema meno yameshikana." Niliacha nyundo pale pale.

Nilimkuta kibandani mwake amelala ubavu. Nilipofungua mlango mwanga ukamgusa usoni na mwili wote ukakakamaa. Nikafunga mlango. Nikajua.

Ombui alisimama njiani na watu wake. Akasema, "Huyo akifika hospitali, kesho hapa ni askari. Tuna watoto wa kulisha."

Nikamwambia, "Yeye pia ni mtoto wa mtu."

"Atapona hapa. Tutamletea mganga."

"Mlete mganga akupake dawa wewe. Huyu anapanda lori."

Akanishika mkono. Hapo ndipo mdogo wako alipotoka shimoni, udongo mpaka kwenye nyusi. Nilidhani atanivuta nyumbani. Alimtazama Ombui, akasema taratibu, "Wakifunga mashimo, wafunge na langu. Toa mkono wako kwa mke wangu." Kisha akaingia akambeba Kerosi kwa blanketi, amemfunika uso, na Kezia akatembea mbele akiwaambia watoto wanyamaze. Lori la mahindi la Bichage lilitubeba. Njia nzima nilimwambia dereva apite polepole kwenye mashimo, kwa sababu kila mtikisiko ulimkunja yule kijana upya.

Pale hospitali karani akauliza ameumia wapi. Nikamjibu, "Kisiginoni." Akasema, "Mahali gani, mama?" Nikamwambia, "Mtibuni kwanza. Mimi nitakaa kwenye benchi hili, mniulize mpaka mchoke." Wakamwingiza chumba chenye giza.

Halafu nikasema naomba kumwona nesi Awino. Yule karani akatazama chini. Akaniambia hupo tangu mwezi wa sita, umesimamishwa kwa ajili ya dawa iliyopungua.

Awino, mwezi wa nane umeniandikia kwamba kazi ni nyingi kama kawaida. Nilikukuta nyuma ya soko, chumba kimoja, una sufuria juu ya jiko la makaa, unapika mabati ya shashi zangu kwa mvuke, na sare yako ya nesi imekunjwa juu ya sanduku. Uliniambia tu, "Karibu, kaa, usiguse hayo bado ni ya moto." Kisha ukaniuliza habari za Kerosi tu.

Walikusimamisha kazi kwa ajili ya mabati yangu. Kwa nini hukuniambia?

Gesare


Homa Bay, 15 Oktoba 1967

Kwa Gesare,

Nakusalimu, namsalimu mama, namsalimu Elkanah kuliko wote. Nimemsamehe ukaidi wa miaka yote.

Kerosi yuko hai. Walimpa dawa ya kupambana na sumu ya pepopunda, wakamlaza gizani, na kwa majuma mawili hakuna aliyeruhusiwa kuvaa viatu vyenye kisigino katika korido ile, maana kila kishindo kilimkunja. Jana amekula uji kwa kijiko. Wengi wa namna yake hawafiki hapo. Mama yake ametoka Kisii na analala chini ya kitanda chake.

Sikukuambia kwa sababu ungeacha kuomba. Hilo tu.

Sasa nikueleze. Metroni, mkuu wetu wa manesi, alikuta mabati yamepungua mwezi wa sita. Nilimwambia ukweli, kwamba shashi na vaselini nilinunua mwenyewe, lakini unga wa manjano ulikuwa wa hospitali. Akanisimamisha nikangoje kamati. Unga wa yale mabati mawili ya mwisho niliupata kwa mfamasia mmoja wa Kisumu, kwa mkono wangu, kwa haki.

Kamati imekaa wiki iliyopita. Walikuwa wanaume wanne na metroni. Si watu wabaya. Mwenyekiti alinikalisha vizuri, akasema, "Awino, sisi tunajua jinsi ndugu wa kijijini wanavyosumbua. Andika kwamba wifi yako alikudanganya, akachukua dawa kwa hila. Utarudi wodini Jumatatu."

Ni kweli ulinidanganya. Ningeliandika bila kusema uongo hata mmoja. Nilishika kalamu, Gesare, sitakuficha. Nilitaka kurudi wodini. Napenda ile kazi kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya.

Nikaweka kalamu mezani. Nikawaambia, "Wifi yangu amefunga vidonda vya watu ambao sisi tumewafukuza kwa swali moja. Kijana aliye chumba cha giza amefika akiwa hai kwa sababu yeye alijua dalili, na alizijua kwa sababu nilimfundisha. Kama hilo ni kosa, liandikeni kwa jina langu."

Metroni aliniuliza kama ningefanya tena. Nikasema ndiyo.

Wamenifukuza. Sare nimewarudishia, imefuliwa na kupigwa pasi.

Usiniandikie pole.

Awino


Masara, 12 Novemba 1967

Kwa Awino,

Sikuandikii pole.

Askari walikuja, kama Ombui alivyosema. Walizungushia mashimo kamba, wakakaa siku chache wakala kuku wa watu, wakaondoka. Wanaume wamerudi shimoni. Lakini kabla hawajarudi, waliokosa kazi walikuja jikoni kwangu wakang'oa mlango na kumwaga maji yangu. Sikuwapo. Mama Zilpah ndiye aliyekuwapo. Yule yule aliyesema jikoni si mahali pa usaha. Wanasema alisimama mbele ya rafu ya mabati na mwiko mkononi, akawaita kila mmoja kwa jina la mama yake mzazi. Mabati hayakuguswa.

Siku wanaume waliporudi shimoni, hakuna mwanamke aliyeponda mawe Masara. Sikuwaambia mimi. Kezia ndiye aliyeweka nyundo chini, na wengine wakaweka. Wanaume walipandisha mawe, yakarundikana. Tukatembea mpaka Migori kwa miguu, tukakaa mbele ya ofisi ya mzee Ongeri, diwani wetu. Alitoka akasema, "Kina mama, mnataka nini?" Nyanchama, ambaye hajawahi kusema mbele ya watu, akapandisha gauni mpaka gotini akamwonyesha kovu. Akasema, "Tunataka chumba, sindano, na nesi. Nesi tunaye, mmemfukuza wenyewe." Ongeri akasema si yeye aliyekufukuza. Nyanchama akasema, "Basi itakuwa rahisi kwako kumchukua."

Tulikaa hapo mpaka akaita karani.

Baraza la wilaya litakuandikia. Cheo ni kidogo kuliko ulichokuwa nacho, na nyumba haipo, utalala kwetu na mama atakupa dawa yako mwenyewe ya kifua. Ukikubali, njoo. Usipotaka, nitaelewa, lakini nitakasirika.

Gesare


Homa Bay, 10 Desemba 1967

Kwa Gesare,

Barua ya baraza imefika. Nimekwenda ofisini kwao kujibu kwa mdomo, kwa sababu nilikuwa na sharti.

Niliwaambia nitakuja, nitachoma sindano, nitafundisha wanawake wanne kutengeneza shashi kama ninavyotengeneza. Lakini sitamwuliza mgonjwa yeyote anachimba wapi wala kwa kibali cha nani. Bwana mmoja akasema hiyo ni kazi ya serikali kujua. Nikamwambia basi serikali itume mtu wa kujua, mimi natumwa kutibu. Walinong'ona. Mwisho wakasema hawakunisikia nikisema hivyo. Nimelichukua kuwa ni ndiyo.

Nangoja dawa na sterilaiza ndogo, chombo cha kupikia vifaa kwa mvuke, kutoka Kisumu. Natumaini kufika mwisho wa Januari. Mwambie Elkanah anitengenezee kitanda, kigumu, mimi silali kwenye kamba.

Awino


Masara, 21 Januari 1968

Kwa wifi yangu Awino,

Sote wazima. Kitanda chako kiko tayari, Elkanah amekilalia yeye mwenyewe kukijaribu na sasa hataki kutoka.

Chumba kimekwisha. Ni cha udongo na mabati, nyuma ya soko, sakafu tumeikandika sisi wanawake. Kina meza moja, benchi, na dirisha linalotazama mashariki ili upate mwanga wa asubuhi. Tulitaka kukungoja. Lakini mzee Ongeri alisema wakubwa wana nafasi jana tu, kwa hiyo sherehe ilikuwa jana, Jumamosi alasiri, baada ya kanisa. Walileta viti, utepe na mkasi. Sisi tuliambiwa tuimbe wimbo mmoja, kisha tukae chini kwenye nyasi tukasikilize.

Ongeri alianza kueleza jinsi alivyofikiria jambo hili kwa muda mrefu. Alikuwa hajafika katikati, wakati mwanamke mmoja wa kutoka mashimo ya juu alipokuja na mwanawe wa kike mgongoni. Mtoto alikuwa amemwagikiwa uji wa moto mkononi. Analia kwa sauti ndogo, ile ya mtoto aliyekwisha choka kulia. Yule mwanamke aliona viti na suti, akasimama mbali. Akaanza kugeuka arudi.

Niliinuka. Mzee mmoja wa itifaki akaninong'oneza, "Mama, subiri, utepe bado."

Nikapita chini ya utepe, nikamshika yule mwanamke mkono, tukaingia. Kezia alifuata na maji. Nyanchama alikuwa ameshaanza kunawa. Tulimwagia mtoto mkono maji baridi safi kwa muda mrefu, mpaka akaacha kutetemeka, kisha nikafungua bati la mwisho ulilotuma, nikashika shashi kwa pembe, nikaiweka. Mama wa mtoto aliniuliza itauma lini. Nikamwambia haitauma.

Nje mzee Ongeri alikuwa bado anahutubia. Hatukumsikia vizuri. Tulikuwa na kazi.

Gesare